Uzi: Chasisi ya gari la kujiundia. Paipu gani, uchomelee na nini? Mafundi wa Mwanza tukutane hapa

Skwea Paipu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Swali linalonijia PM (ujumbe wa faragha) kila mara ni hili: "Fundi, nina injini ya Kirikuu (kale kalori kadogo) cc 660 imekaa tu uani, nataka niunde kigari cha watu wawili. Chasisi nitumie chuma gani?" Kabla sijajibu, mwenyewe anaongezea: "Nasikia kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdeni) ndiyo mpango mzima, niagize Dar?" Nimechoka kuandika jibu lile lile, acha nilimwage hapa mara moja.

Jibu fupi: usiagize. Chukua skwea paipu (paipu ya mraba) ya kawaida ya chuma laini, hela itakayobaki itie kwenye bresi (mishazari ya kukaza fremu) na kwenye fundi anayejua kuchomelea vitu vyembamba.

Jibu refu sasa. Watu wanachanganya nguvu na ukakamavu. Nguvu ni mzigo ambao chuma kinaubeba kabla hakijapinda jumla. Hapo kromoli, ile ya namba 4130, ni baba lao: chuma laini kinakata tamaa kwenye megapaskali 250 hivi, kromoli inavuka 400. Ukakamavu ni jambo jingine, ni kiasi gani chuma kinanesa kikibebeshwa mzigo na kurudi kilipokuwa. Hapo vyote ni ndugu: gigapaskali 200 hadi 210, iwe kromoli ya ndege au paipu ya geti la nyumba kule Buhongwa. Na chasisi ya kigari chepesi shida yake ya kwanza ni kunesa. Ikijinyonga, tairi zinakaa kwa pembe ambazo hukuzipanga, usukani unakwambia kitu na gari linafanya kingine, na kioo cha mbele kinaanza kupasuka pembeni bila kuguswa na jiwe. Ukinunua kromoli ya unene ule ule, umelipia nguvu usiyoihitaji. Ukiinunua nyembamba ili upunguze uzito, umepoteza ukakamavu. Chagua hasara yako.

Sasa ukakamavu unatoka wapi? Kwenye umbo. Chukua paipu ya mm 40x40 yenye ukuta wa mm 2.5, weka pembeni ya mm 50x50 yenye ukuta wa mm 2. Pigeni hesabu wenyewe: kila moja ina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita, tofauti yake huioni kwenye mzani wa sokoni. Lakini 50x50 inakataa kupinda kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko mwenzake. Kwa hiyo fundi akikwambia "tuweke ukuta mnene tuwe salama", mwulize kwanza kama kuna nafasi ya paipu pana zaidi.

Kitu cha pili ni pembetatu. Kila mtu hapa ameona kenchi ya paa ikipandishwa. Ukitoa ule mti wa mshazari, fremu ya pembe nne ukiisukuma kona moja inalala upande, hata kama mbao ni nene kama mguu. Chasisi ni vivyo hivyo. Kila chumba cha pembe nne kisicho na mshazari ni mlango wa kunesa. Lotus Seven ya 1957 ilitembea juu ya vipaipu vya inchi moja na vya robo tatu ya inchi, geji 18, yaani mm 1.2 tu! Siri ilikuwa mpangilio. Mercedes 300 SL ya 1954 chasisi yake ya vipaipu ilikuwa na kilo 82 hivi, na walipotaka pembeni pawe na kina cha kutosha kuzuia kujinyonga, milango ya kawaida ikakosa pa kukaa, ndiyo maana ikafunguka kwenda juu. Wanaoiiga kwa urembo hawajui ilianzia kwenye shida ya chasisi.

Kwa barabara zetu, na mawe na matuta tunayoyajua, mimi natumia 40x40x2 kwa fremu ya chini na ya juu, 25x25x1.5 kwa mishazari, na bamba la mm 3 kila mahali panapofungwa mikono ya sasipensheni. Ukitaka chepesi zaidi, 25x25 yote inawezekana, ila mchoro wako uwe umenyooka kweli.

Jambo la mwisho kabla hamjaenda dukani. Nenda na mzani, au angalau venia (kile kifaa cha kupimia unene). Paipu inayoandikwa 1.5 mara nyingi ni 1.2. Mita 6 za 25x25x1.5 zinatakiwa kugonga kilo 6 na nusu hivi. Mzani ukisoma 5 na robo, umeuziwa 1.2, na hiyo tofauti ndiyo itakayotobolewa na rodi yako. Venia ipime mwisho wa paipu baada ya kusafisha makali ya kukatia, vinginevyo itakudanganya.

Nawasilisha. Maswali ruksa.

Mtoto wa Igogo

Nimeweka kiti mbele kabisa. Swali la kijinga mkuu: kwa nini tusitumie chaneli tu kama Fuso? Fuso inabeba samaki na barafu kutoka mwaloni hadi Dar na chasisi haijawahi kuniambia inanesa.

Skwea Paipu

Si swali la kijinga. Fuso inanesa, tena imekusudiwa inese! Siku moja simama nyuma ya lori linalopanda ukingo wa barabara kwa kona, tazama bodi na kabini zinavyoangalia pande tofauti. Lori lina sasipensheni ngumu sana, kwa hiyo fremu nayo inasaidia tairi zote kukanyaga chini. Kigari chako kina spring laini, kinataka fremu itulie ili spring zifanye kazi yake.

Na chaneli kwa kujinyonga ni dhaifu kuliko mtu anavyodhani. Chukua skwea paipu ya 50x50x2, ipasue kwa greinda mstari mmoja tu urefu wote. Hujatoa chuma, uzito ni ule ule. Kwenye hesabu ukakamavu wake wa kujinyonga umeshuka zaidi ya mara 400. Mara mia nne, si asilimia. Umbo lililofungwa na lililo wazi haviko darasa moja. Ukiwa na chaneli mbili za bure, ziunganishe uso kwa uso upate boksi, hapo tutaelewana.

Baba Neema

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko Usagara, naunda bagi ya shambani ya kuchezea na vijana, na nataka kuweka keji ya kulinda vichwa. Nina mapaipu ya jukwaa la ujenzi, ya duara, yale meupe ya mabati, mazito kweli. Naona yanafaa kwa vyote, chasisi na keji. Nakosea wapi?

Skwea Paipu

Marahaba mzee. Kwa chasisi yanaweza kufaa ila ni mazigo. Paipu ya jukwaa ni mm 48.3 kwa nje na ukuta wa mm 3.2 au 4, utajikuta umeunda trekta.

Kwa keji, hapana. FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya mbio wanataka paipu isiyo na mshono, iliyovutwa baridi, yenye nguvu ya kuanzia megapaskali 350. Upinde mkuu uwe 45x2.5 au 50x2, zilizobaki 38x2.5 au 40x2. Hata kama hushindani, hicho ndicho kipimo cha watu waliookota maiti wakajifunza. Paipu za mabati na za maji hazikutengenezwa kwa kazi ya kichwa cha mtoto wako. Keji ndiyo sehemu pekee ambayo nakuruhusu uagize chuma Dar.

Halafu duara ina kazi yake. Kila unapoiungia paipu nyingine lazima uikate mdomo wa samaki ikae bila nafasi. Skwea unakata kwa msumeno tu, pembe 45 au 90, imekaa. Kwa mtu wa uani hiyo ni tofauti ya wiki nzima.

Mchomaji wa Meli

Naingilia hapo kwenye mabati kabla mtu hajaumia. Ile zinki nyeupe ukiichomelea inatoa moshi mweupe mzito. Saa chache baadaye, mara nyingi usiku, unatetemeka kama una malaria, homa, mdomo una ladha ya chuma. Kwa kawaida inaisha baada ya siku moja au mbili, na watu wanakunywa ALU, dawa ya malaria, bila kupima. Na maziwa hayasaidii! Najua kila gereji kuna pakiti ya maziwa, kunyweni kama mna njaa. Dawa ni kuiondoa zinki kwa greinda sentimita kadhaa kila upande, barakoa usoni, na kukaa upande ambao upepo unatoka. Zinki hiyo hiyo inaacha vitundu ndani ya weldi, kwa hiyo hata chasisi haiipendi.

Sasa kuchomelea. Mchana kazi yangu ni mabamba ya vyombo vya ziwani, jioni nachomelea vitu vya watu mtaani, kwa hiyo nimeshika pande zote mbili, nene na nyembamba.

Rodi za kawaida. Kwenye jina la rodi, namba mbili za mwanzo ni nguvu: 60 ni psi elfu 60, 70 ni elfu 70. Kwa chuma laini 6013 inatosha kabisa. Kuna wanaokuja na 7018 wakidhani ni daraja la juu. Ni rodi nzuri sana ikiwa kavu. Pakiti ikishafunguliwa na kulala wiki nzima kwenye unyevu huu wa ziwani, sifa yake ya haidrojeni ndogo (inayokinga weldi isipasuke) imekwisha. Kuirudisha ni tanuri la digrii 350 hivi kwa saa nzima, oveni ya mama haifiki huko. Bora 6013 kavu kuliko 7018 iliyolowa.

Kwenye paipu ya mm 1.5 rodi ya unene wa mm 2.5 itakutobolea mpaka ulie. Tafuta ya 2.0, ampea 45 hadi 60, inveta, na rodi uiweke kwenye hasi ili joto lisizidi kwenye paipu. Ukuta wa mm 2 na kuendelea, 2.5 inakubali kama mkono umetulia.

MIG, mashine inayolisha waya yenyewe kupitia bunduki, ndiyo ningemshauri mtu wa chasisi. Waya wa 0.8, ER70S-6. Gesi ya CO2 tupu inazama vizuri na ni rahisi kuipata, ila inarusha cheche. Mchanganyiko wa agoni 75 na CO2 25 ni msafi zaidi. Shida yake kubwa ni uongo: inaweza kukupa mstari mzuri, laini, umejipanga kama shanga, kumbe umelala juu ya chuma haujazama. Inatokea hasa unapounga paipu ya 1.5 kwenye bamba la 3. Moto uelekeze kwenye bamba, subiri dimbwi lifunguke, ndipo ulivute liguse paipu. Ukianzia kwenye paipu utatoboa, ukigawa katikati bamba litabaki baridi.

Na upepo. Mchana ukipamba moto upepo wa ziwa unaanza kuingia nchi kavu, unapeperusha gesi, weldi inatoka na matundu kama mkate. Chomelea asubuhi, au funga turubai. Ukiwa Kirumba au Igombe hili si ombi.

TIG, ile ya sindano ya tungsteni, ni nzuri kuliko zote kwenye nyembamba, lakini inataka agoni safi, chuma king'ae, na maungio yasiyo na nafasi. Huna, usiumie.

Brezi, yaani kuunga kwa kuyeyushia shaba kwa moto wa gesi, nayo inashika, magari ya mbio ya Uingereza mengi yaliungwa hivyo zamani. Ila ukishapaka shaba usirudi na arki (moto wa umeme) juu yake, shaba inayeyuka na kupenya kwenye chuma cha moto na kukipasua.

Kirikuu Tupu

Mnatisha watu bure. Mafundi wa hapa Nyakato wanachomelea matrela kwa 6013 na transfoma ya kusuka tangu sijazaliwa, na yanabeba mchanga wa Usagara kila siku. Elimu nyingi mno kwa kigari cha watu wawili.

Mchomaji wa Meli

Na ni mafundi wazuri, wengine nimewafundisha kazi. Trela ni chaneli ya mm 5 na rodi ya 3.2, hapo joto likizidi chuma kinalimeza. Mpe huyo huyo paipu ya 1.5 na transfoma ile ile, saa tatu usiku umeme ukiwa umeshuka, uone.

Hakuna haja ya kubishana, jaribu. Kata vipande viwili vya paipu ile ile utakayotumia, viunge herufi T, upande mmoja tu. Kibane kwenye jiliwa, kipige nyundo kuelekea upande wa weldi mpaka kikubali. Chuma cha paipu kikichanika pembeni ya weldi, fundi wako mpe kazi. Weldi ikibanduka na kuacha uso unaong'aa chini yake, haikuzama, mshukuru na umlipe nauli. Kingine tunachofanya kwenye vyombo vya maji: paka chokaa nje ya maungio, mimina mafuta ya taa ndani, subiri nusu saa. Tundu dogo ambalo jicho halilioni linatoa doa kwenye chokaa. Fanya kwenye kipande cha majaribio, si kwenye chasisi uliyokwisha kuifunga.

Binti Karakana

Mimi nimesomea uchomeleaji, naomba niongeze mambo ambayo kaka zangu wameruka.

Kwanza, msichomelee maungio moja mpaka mwisho halafu mhamie linalofuata. Weldi ikipoa inajivuta, inavuta na paipu upande wake. Ukimaliza upande wa kushoto wote leo, kesho fremu imekuwa ndizi. Piga pointi gari zima kwanza. Pima mishazari miwili ya kila chumba kwa tepu, ilingane. Ndipo uchomelee vipande vifupi vya sentimita 3 hivi, ruka kwenda upande wa pili, rudi, na pointi ziwe bado zimeshika kwingine. Na jamani msimwagie maji ili ipoe haraka.

Pili, greinda. Huu ugonjwa wa kusaga weldi mpaka iwe sawa na paipu ili ipigwe rangi ipendeze, sijui ulitoka wapi. Ukisaga umeondoa chuma kilichokuwa kinashika, na mara nyingi umekula na ukuta wa paipu pembeni. Nyufa huanzia pale pale pembeni ya weldi, kwenye mkunjo kati yake na paipu. Weldi iliyovimba kidogo na kuungana taratibu na paipu ni nzuri, iacheni.

Tatu, mabamba ya sasipensheni. Msiyakate mraba na kuyachomelea kwa mstari uliosimama unaokatiza paipu. Mwisho wa bamba ukatwe kama mkia wa mbayuwayu, weldi ziende kwa urefu wa paipu. Ule mstari wa kukatiza ndio paipu inakovunjikia.

Baba Neema

Asante binti yangu. Mabati nimeyarudisha kwa mwenyewe, hakuwa na furaha. Sasa mwalimu Skwea, nitajuaje mishazari niliyoweka inatosha? Au nasubiri nipinde kona ndipo nijue?

Skwea Paipu

Unapima kabla hujachomelea jumla, fremu ikiwa kwenye pointi nzito. Nyuma ifunge pale zinapokaa spring, isinyanyuke wala kuteleza. Mbele ilaze juu ya kipande kimoja cha chuma katikati, iweze kuyumba kulia na kushoto. Funga boriti ya mita 3 kukatiza mbele, katikati yake iwe katikati ya gari. Ncha moja, mita 1.5 kutoka katikati, ning'iniza mifuko miwili ya saruji. Hiyo ni kilo 100 kwa mita 1.5, karibu nyutoni-mita 1,470. Kisha chukua mpira wa maji wa mafundi uashi, pima kimo cha sehemu mbili za mbele zinapofungwa spring, kabla na baada ya mzigo. Kama ziko mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, tofauti ikiongezeka mm 21 fremu imejinyonga digrii moja. Ikiongezeka mm 10, ni nusu digrii hivi. Nyuma nako pima, kama imesogea toa hiyo hesabu.

Namba yenyewe usiiabudu. Ongeza mshazari mmoja, pima tena. Utashangaa: mshazari unaoudhani ni muhimu haubadilishi kitu, na kale kapaipu juu ya injini kanapunguza robo nzima. Pale kwenye injini weka bresi ya bolti, maana siku moja utataka kuitoa injini.

Mtoto wa Igogo

Swali la mwisho nisiwachoshe. Nimepewa MIG ndogo isiyotumia gesi, ina waya wenye unga ndani. Cheche kibao, weldi imejaa vitundu na iko juu juu tu. Mashine mbovu au mimi?

Mchomaji wa Meli

Fungua kifuniko cha pembeni, pale unapowekwa waya. Kuna nyaya mbili zimefungwa kwa nati kwenye alama ya jumlisha na ya kutoa. Mashine nyingi zinatoka zimefungwa kwa ajili ya gesi, bunduki ikiwa kwenye jumlisha. Waya wa unga wa aina yako unataka bunduki iwe kwenye kutoa na kibanio cha arthi kwenye jumlisha. Chomoa umeme, zibadilishe, jaribu. Na arthi ibane karibu na unapochomelea, kwenye chuma kilichosafishwa. Kama kigari tayari kina injini na kompyuta yake, toa betri kwanza.

Mtoto wa Igogo

Mkuu!! Nimezigeuza. Sauti imebadilika kabisa, inakaanga. Nimeunga T nikaipiga nyundo, imechanika kwenye paipu. Hizo ncha za paipu zilizo wazi nizifunge au niziache zipumue?

Skwea Paipu

Zifunge kwa bamba la mm 2, weldi izunguke yote. Kwa ile ambayo huwezi kuifunga kabisa, toboa tundu la mm 6 upande wa chini maji yatoke, na umimine oili chafu ndani uigeuzegeuze mpaka kuta zote zilowe. Hiyo ifanye ukishamaliza kuchomelea kila kitu. Oili ikiingia kabla, utanilaumu mimi.